Mahari yangu nilinunulia taa ya kuangalia mawe



Tangu nitaje hapa kwamba sehemu ya mahari yangu ilikwenda kwenye taa ya kuangalia mawe, maswali hayajaisha. Biharusi mmoja aliyebakisha wiki tatu kuolewa ameniuliza kama nilikuwa natania. Mama mmoja wa Pemba kaniuliza kwa upole kama hayo si mambo ya uganga. Sikutania, na uganga haumo. Leo nimekaa kitako nieleze yote, kwa sababu ndani yake mna habari za mahari, za mume kukosa kazi, na za mke kumwambia mumewe hapana. Naona kila anayejiandaa kuolewa hatakosa lake humu.

Nianze na mahari yenyewe. Baba aliponiuliza nataka nini, nilitaja bangili nne za dhahabu na fedha taslimu kidogo. Somo wangu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alinikalisha siku ya tatu ya kunifunda akaniambia, "Mwanangu, hii ni yako. Si ya baba yako, si ya mama yako, wala si ya mumeo kuirudisha kwa mlango wa nyuma. Ukimpa kwa ridhaa yako, ni hiari yako. Usipompa, hakuna wa kukuuliza." Anayetaka kulisoma hilo mwenyewe afungue Surat An-Nisaa, aya ya 4. Basi fedha ile niliiweka. Nikaolewa, nikapanda ndege na mikoba miwili, nikaenda kumfuata mume wangu New Jersey, Marekani.

Tulikaa Paterson. Ni mji wenye Waislamu wengi, misikiti ipo, nyama ya halali ipo, na Ramadhani unasikia watu wakirudi tarawehe usiku kama uko Mji Mkongwe. Kwa hiyo sikuja jangwani. Lakini mume wangu alikuwa akifanya kazi ghalani zamu ya usiku, mchana analala, na ile baridi ya kwanza ilinikuta mimi na dirisha. Biharusi uliyezoea nyumba ya watu kumi na wawili, ukipewa vyumba viwili na ukimya, utajua ninachosema.

Ghorofa ya chini alikuwa akikaa bibi mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu. Nilimpelekea sahani ya vitumbua, naye hakurudisha sahani tupu. Akanikaribisha ndani. Kwenye rafu zake zote, pale ambapo sisi tungepanga vikombe vya wageni, alipanga mawe. Na si mawe ya kupendeza, mashoga zangu. Mawe ya kijivu, meupe machafu, yenye madoa meusi, kama kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Akazima taa, akafunga mapazia, akawasha taa ndogo ya mkononi yenye kioo cheusi. Rafu nzima ikawaka. Jiwe la kwanza lilikuwa jekundu kama kaa la moto na ndani yake kijani kinachochoma macho. La pili kijani tupu. La tatu lilikuwa na mistari ya rangi ya chungwa. Nilisema Subhanallah kwa sauti, na yeye, bila kujua maana yake, akasema, "Ndivyo wote wanavyosema."

Nieleze sasa ni kitu gani, maana hapa ndipo watu wanapoingiza uganga. Taa ile hutoa miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Jua nalo huitoa, na ndiyo inayokuchoma ngozi ukishinda pwani. Miale hiyo inapopiga baadhi ya madini, chembe zilizomo ndani huinyonya nguvu ile, kisha huitoa tena ikiwa imepungua, na sasa ni mwanga tunaouona. Mara nyingi kinachofanya kazi hiyo ni uchafu mdogo tu ndani ya jiwe. Kalsaiti safi haina habari, lakini ikichanganyika na manganizi kidogo pamoja na risasi kidogo, huwaka nyekundu. Wilemaiti, ambayo ni madini ya zinki, huwaka kijani kwa sababu ya manganizi. Mwanasayansi George Gabriel Stokes ndiye aliyelipa jambo hili jina lake la kitaalamu mwaka 1852, akilitoa kwenye jiwe la florini ambalo nalo lina tabia hiyo.

Na wewe umeshaliona, ila hukulijua. Ukipeleka dola kubadilisha pale dukani, yule kijana huipitisha chini ya taa ya zambarau, na alama zilizofichwa hujitokeza. Ni jambo lile lile. Kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa hung'aa buluu chini ya taa hiyo, kwa sababu watengenezaji hutia dawa ya kuifanya nguo ionekane nyeupe zaidi. Hata nge huwaka. Mwenye tochi ya namna hiyo akipita nyuma ya nyumba usiku atamwona nge ana rangi ya kijani kama mwanasesere. Hakuna jini hapo. Ni maumbile ya Mola wetu, tumeumbiwa macho yanayoona sehemu tu ya mwanga.

Yule bibi alitoa mawe yake sehemu mbili zilizo karibu karibu, kama saa moja kwa gari kutoka kwetu: Franklin na Ogdensburg, wilaya ya Sussex. Huko kulikuwa na migodi miwili mikubwa ya zinki. Wa Franklin ulifungwa mwaka 1954. Wa Ogdensburg, unaoitwa Sterling Hill, ulifungwa mwaka 1986, na ndio uliokuwa mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi kufanya kazi katika jimbo lote la New Jersey. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 350 za madini katika eneo hilo dogo, na kadiri ya aina 90 zinawaka chini ya urujuanimno. Hakuna mahali pengine duniani panapojulikana kwa wingi huo, na mji wa Franklin hujiita makao makuu ya dunia ya mawe yanayowaka. Miamba yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilikwenda na yule bibi, mume wangu amelala. Sterling Hill sasa ni makumbusho, ilifunguliwa mwaka 1990. Unaingia handakini kwa miguu, na ndani kuna baridi ile ile kiangazi na kipupwe, kama nyuzi 13. Mgodi unashuka zaidi ya mita 700, lakini pampu zilipozimwa maji yalipanda, na sehemu kubwa ya mahandaki sasa imezama. Kuna chumba kimoja ambapo mwongozaji huzima taa na kuwasha miale kwenye ukuta wenyewe, mwamba haujakatwa. Ukuta mzima unageuka nyekundu na kijani. Watoto wa skuli waliokuwa mbele yangu walinyamaza wote kwa pamoja, na mwenye watoto anajua hilo lina thamani gani.

Lakini kilichonishika mimi ni chumba cha kubadilishia nguo. Wachimbaji walikuwa wakitundika nguo zao kwenye vikapu vya chuma na kuvivuta kwa minyororo mpaka juu darini, zikauke hadi zamu ya kesho. Vikapu bado vinaning'inia. Wengi wa watu wale walikuwa wageni, Wahungari, Wapolandi, Warusi, Waingereza wa Cornwall, na wengine kutoka Meksiko. Walikuja kuchimba, wakatuma fedha makwao. Zinki waliyoitoa ndiyo inayopakwa kwenye mabati yasipate kutu, na ndiyo inayochanganywa na shaba nyekundu ikawa shaba ya manjano, kama ile tunayoiona kwenye vifundo vya milango yetu ya Unguja. Nilisimama chini ya vikapu vile nikamfikiria mume wangu na zamu yake ya usiku. Mtu anayefanya kazi gizani mbali na kwao ili watu wengine wapate paa. Nilirudi nyumbani nikampikia biriani siku isiyokuwa Ijumaa.

Sasa taa. Kuna mawimbi mafupi na mawimbi marefu ya urujuanimno. Taa za mawimbi marefu ni za bei nafuu, hata za kukagulia fedha hutosha kwa baadhi ya mawe. Lakini mawe ya Franklin mengi huwaka vizuri kwa mawimbi mafupi tu, na taa hizo zina kioo maalumu cha kuchuja mwanga wa kawaida, kioo ambacho ni ghali. Taa nzuri ilikaribia thamani ya bangili moja nyembamba. Nilifikiri mwezi mzima. Nikaswali istikhara, kwa sababu nilifundishwa kuiswali kwa jambo dogo na kubwa. Kisha nikatoa fedha yangu ya mahari nikainunua.

Mume wangu alicheka, akasema, "Umenunua tochi ya mawe?" Sikumlaumu, ni kweli nilinunua tochi ya mawe. Hakusema zaidi. Aliyesema ni mama mkubwa, kwenye simu kutoka Unguja, na sauti yake ilisikika mpaka ngazini. "Mwanangu, mji mzima huu tumeujenga kwa mawe. Nyumba mawe, ukuta mawe, kaburi mawe. Ukavuka bahari kwenda kununua taa ya kuangalia mawe? Dhahabu ndiyo akiba ya mwanamke. Siku ya shida utamuuzia nani tochi?"

Hoja yake ina uzito, na sitaki biharusi yeyote aidharau. Wanawake wa kwetu wamejenga nyumba kwa bangili, wamesomesha watoto kwa bangili, wameachika wakaanza upya kwa bangili. Nilimjibu, "Mama mkubwa, bangili nne zote ninazo mkononi. Hii ni ya moyo." Akasema moyo hauna bei sokoni. Tukaachana hapo kwa salamu.

Mwaka wa pili wa ndoa ghala lilipunguza wafanyakazi, na mume wangu alikuwa miongoni mwao. Wenzangu mlioishi ughaibuni mnajua kodi ya nyumba haingoji. Lakini kodi haikuwa jambo gumu kuliko yote. Jambo gumu lilikuwa yeye. Mwanamume aliyezoea kulala mchana akawa halali usiku wala mchana. Alikaa sebuleni bila kuwasha taa. Ukimuuliza, "Mume wangu, unawaza nini?" anasema, "Hakuna." Chakula anagusa. Simu ya mama yake hapokei. Nilikuwa na miezi kumi na minne ya ndoa, na nilikuwa namwona mtu mgeni kwenye kiti changu.

Niliuza bangili mbili. Hakuniomba, na nilipomwambia alisema, "Hiyo ni mahari yako, sitii mkono." Nikamwambia simpi yeye, nailipa nyumba ninayolala mimi. Aliinamisha kichwa. Mama mkubwa alipopata habari aliuliza swali moja tu, "Na tochi umeuza?" Nikasema sikuuza. Akakata simu. Wiki mbili hakunipigia.

Kwa nini sikuuza? Sababu ni Jumamosi. Franklin kuna jalala la mawe ya mgodi wa zamani, linaitwa Buckwheat, lipo chini ya makumbusho ya mji. Mawe yaliyotupwa na wachimbaji yamelundikana pale. Ukilipa unaruhusiwa kupekua, unapasua kwa nyundo, na unachokichukua unakilipia kwa uzito. Jumamosi moja nilimwambia mume wangu siwezi kubeba ndoo peke yangu. Si kweli kwamba nisingeweza, lakini si uongo kwamba nilimhitaji. Akaja.

Jalalani mchana huwezi kuona jiwe likiwaka, jua linameza kila kitu. Watu hubeba kitambaa cheusi wakajifunika nacho pamoja na jiwe na taa, kama mpiga picha wa zamani. Mimi nilijifunika kwa buibui langu la zamani. Tulikuwa mimi na mume wangu, watu wazima wawili, tumechutama chini ya buibui moja juu ya lundo la kifusi, tunatazama jiwe la ukubwa wa andazi. Likawaka nyekundu, na katikati mstari wa kijani. Vile vidoa vyeusi, vinavyoitwa franklinaiti, havikuwaka hata kidogo, vilibaki vyeusi tititi. Mume wangu akasema, "Hili nimelipasua mimi." Hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki ile.

Jumamosi iliyofuata aliamka kabla yangu akatayarisha chai. Sisemi mawe yalimponya. Aliyemponya ni Mwenyezi Mungu, na kwa sehemu ni imamu wetu aliyekaa naye baada ya swala, na kwa sehemu ni kazi aliyoipata baadaye. Lakini mtu aliyevunjika moyo anahitaji mahali pa kwenda ambapo haulizwi umepata kazi. Jalalani hakuna anayeuliza. Unaulizwa umepata nini ndani ya ndoo.

Sasa nifike kwenye lile neno hapana.

Wanaokusanya mawe hujuana. Mwanamume mmoja tuliyezoea kumwona pale alimwita mume wangu pembeni, akamwambia anajua handaki la zamani milimani, limefungwa kwa ubao tu, na ndani kuna vipande ambavyo wakusanyaji wangevinunua kwa bei nzuri. Siku mbili tu za kazi, alisema, mtalipa kodi ya mwezi. Mume wangu alikuja kwenye gari macho yakiwa na uhai ambao sikuuona muda mrefu. Alikuwa ameshakubali moyoni.

Mashoga zangu, mgodi uliotelekezwa si pango la kwenda matembezi. Magogo yaliyoshika dari yameoza, hayaonyeshi mpaka siku yanapoachia. Sakafu inaweza kuwa ubao uliooza juu ya shimo la wima lenye maji, na gizani maji yaliyotulia huonekana kama ardhi. Hewa ya ndani inaweza kuwa imeishiwa oksijeni bila harufu yoyote. Mtu anahisi usingizi, anakaa apumzike, basi. Baruti za zamani zilizosahauliwa huharibika na kuwa hatari zaidi, hata kuzigusa tu. Simu haishiki huko. Na ardhi ina mwenyewe, kuingia bila idhini ni kosa, na kutoa mali ya mtu bila idhini yake kwetu sisi kuna jina lake.

Nilimwambia yote hayo. Nikamkumbusha Mirerani, Waswahili wenzetu waliozama mashimoni kwenye mafuriko ya mwaka 1998, na wengine tena mwaka 2008. Wale walikuwa wachimbaji, wanaijua kazi. Alisema, "Tutaingia hatua chache tu." Alisema, "Mimi ni mwanamume wa nyumba hii, kodi ni juu yangu." Hilo ndilo lilikuwa jiwe lenyewe, si handaki.

Somo wangu alinifunda kutii, na alinifunda pia kwamba utii una mpaka wake. Nilitafuta maneno mpaka tulipofika nyumbani. Nikamwambia, "Mume wangu, nakuheshimu, na nyumba hii wewe ndiye mkubwa wake. Lakini kwa hili, hapana. Siendi, na sikupi taa yangu uende nayo. Roho yako ni amana, na mimi sikuvuka bahari kuja kuwa mjane kwa sababu ya kalsaiti." Sauti yangu ilitetemeka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hapana tangu ndoa.

Hakunijibu. Siku mbili alikula bila kunitazama. Biharusi, nakueleza hili kwa sababu kwenye mafunzo ya harusi watu husimulia hekima ya mke, hawasimulii siku mbili zinazofuata. Ni ndefu. Unatandika kitanda, unapika, unasalimia, unaitikiwa kwa nusu neno, na ndani ya moyo unajiuliza kama umebomoa nyumba. Usirudi nyuma, na usipandishe sauti. Nilikuwa nikisimama usiku nikamwomba Mola ailainishe roho yake na yangu.

Siku ya tatu alirudi kutoka msikitini, akakaa kwenye kiti chake, akawasha taa. Akasema, "Nimemwambia yule bwana siendi." Halafu akasema, "Ile bangili ya tatu usiuze. Nimepata siku nne za kazi ya kubeba mizigo." Sikusema neno. Nilikwenda jikoni nikatia maji ya chai, nikalia kidogo nyuma ya mlango wa friji.

Baada ya miezi mitatu Alhamdulillah alipata kazi ya kudumu, ya mchana. Tukaanza kuonana jua likiwaka, kama mke na mume wengine.

Mwaka jana tulikwenda nyumbani. Kwenye mkoba nilifunga jiwe moja la Buckwheat ndani ya kanga, pamoja na taa. Mama mkubwa alinipokea kwa vigelegele, kisha akanishika mkono akahesabu bangili. Mbili. Hakusema kitu. Usiku umeme ukakatika, kama kawaida yake, nikasema hapa ndipo penyewe. Nikawaweka wote mkekani, nikamvisha yeye miwani, nikaliwasha jiwe. Watoto wakapiga kelele. Mama mkubwa alilitazama kimya kwa muda mrefu. Nilipozima taa, kijani kikabaki kinafifia taratibu ndani ya jiwe, maana baadhi ya wilemaiti haizimi mara moja.

Akasema, "Haya, ni zuri. Mola fundi." Kisha akaongeza, "Lakini bangili ungekuwa nazo nne."

Na ni kweli. Ningekuwa nazo nne.

Kwa wale mlioniuliza jinsi ya kuanza, nawapa machache.

Taa ya mawimbi mafupi si mchezo wa watoto. Usiitazame machoni, usijimulike ngozi. Vaa miwani ya kukinga, na mkono mrefu, jambo ambalo sisi hatuna tabu nalo. Osha mikono baada ya kushika mawe, na usiyaweke jikoni, kwani mengine yana risasi au aseniki ndani yake. Ukipasua kwa nyundo funika macho, kipande kidogo huruka kama risasi ya bunduki.

Nenda mahali palipo na ruhusa na wenye kupasimamia. Usiingie kwenye handaki lililotelekezwa, hata uambiwe ni hatua tatu.

Kwa mlioko nyumbani, anzeni na tochi ndogo ya mawimbi marefu. Mwenye pete ya rubi aijaribu, rubi nyingi huwaka nyekundu kama zimewashwa kwa ndani. Baadhi ya almasi hutoa buluu. Na ukiimulikia kanzu ya mumeo usiku usimtishe, mwambie kwanza.

Na kwa maharusi: taja mahari unayoitaka kwa ulimi wako mwenyewe, iandikwe, na uipokee mkononi mwako. Weka dhahabu, mama zetu hawakukosea. Lakini ukibakiwa na kidogo, usiogope kukitumia kwa jambo la halali linalokufurahisha, hata kama nyumba nzima haikuelewi. Iwe cherehani, iwe vitabu, iwe boti ya mwani. Siku ya shida utajua kipi cha kuuza na kipi cha kubaki nacho, na uamuzi huo utakuwa wako kwa sababu mali ni yako.

Mwenye swali aulize. Na yule biharusi wa wiki tatu, Mwenyezi Mungu akujaalie ndoa yenye baraka, na akupe mume wa kujifunika naye buibui moja. Amin.